Folda ni moja, faili hili linakubali na lile linakataa: tatizo liko wapi?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Niko katika ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha, tuko watu saba. Mwezi Machi tulinunua diski ya mtandao yenye diski mbili za terabaiti 4 kila moja. Fundi aliichomeka kwenye ruta na kuhamishia humo mafaili yote yaliyokuwa kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi. Wengine tulipewa nywila, wengine hawajawahi kuulizwa nywila yoyote. Wiki za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Sasa folda ya SAFARI kila mtu anaiona na kuifungua, lakini ukibadilisha ratiba ya mgeni ukataka kuhifadhi, unaambiwa faili ni la kusoma tu. La ajabu ni kwamba ndani ya folda hiyohiyo mafaili mengine yanakubali. Kompyuta ya mhasibu haikataliwi chochote, na kompyuta mpya tuliyonunua mwezi uliopita haiingii kabisa. Fundi alirudi akaruhusu kila mtu afanye kila kitu. Ikakaa sawa siku tatu, kisha tatizo likarudi. Bosi anasema tumeuziwa diski mbovu, tuirudishe dukani. Je, imeharibika kweli? Na hiyo ruhusa ya kila mtu ni salama?"*

Mwombe bosi wako asiirudishe diski hiyo, angalau kwa wiki hii. Diski inayokufa haichagui watu: haimkatalii mtu wa buking ikamkubalia mhasibu, wala haiachi ratiba ya mgeni mmoja iandikike huku ya mwenzake ikigoma. Diski mbovu hukwama, hutoa sauti zisizo za kawaida, huwasha taa ya rangi ya chungwa au nyekundu, na mafaili hushindwa kufunguka bila kujali anayeyafungua ni nani. Mnachokiona ninyi kinabagua kwa jina la mtu na kwa faili, na kitu chenye tabia hiyo karibu siku zote ni ruhusa. Nazo ruhusa zenyewe hazijaharibika. Zinafanya kazi barabara, ila zinatekeleza maagizo ambayo hakuna mtu ofisini anayekumbuka kuyatoa.

Ukilisoma swali lako kwa makini utaona lina matatizo matatu yaliyosokotana: mafaili yanayojifunga baada ya siku kadhaa, kompyuta ya mhasibu isiyokataliwa kitu, na kompyuta mpya isiyoingia. Kila moja lina chanzo chake, na fundi wenu alijaribu kuyatibu yote kwa dawa moja. Nitaanza na jinsi ruhusa zinavyofanya kazi, kwa sababu bila hapo hata ushauri mzuri utaonekana kama uganga.

Kwa kuwa mko kwenye utalii, mfano wa kwanza nauchukua kwa madereva wenu. Gari likipita geti la Lodoare, wageni wameshalipiwa kuingia Ngorongoro. Hata hivyo kulipiwa pale hakuliruhusu gari kushuka kreta. Kushuka kuna malipo yake, nayo ni ya gari. Dereva mwenye kibali cha kwanza asiye na cha pili ataiona kreta yote kutoka juu, wageni watapiga picha, na hawatashuka. Diski ya mtandao nayo ina mageti mawili. La kwanza ni ruhusa ya kuingia folda iliyogawiwa kwenye mtandao, ambayo huwekwa kwenye ukurasa wa msimamizi wa diski. La pili ni ruhusa ya faili lenyewe pale lilipo. Kinachobaki mkononi mwako ni ile iliyo ndogo zaidi kati ya mbili. Ukiruhusiwa kuandika getini na faili likawa la kusoma tu, utasoma tu; faili likiwa wazi kwa wote na geti likasema usome, utasoma tu vilevile. Nimewaona mafundi wakihangaika nusu siku na geti moja ilhali lililofungwa ni jingine.

Sasa tuingie ndani zaidi. Katika kasha lenu dogo mna kompyuta kamili, na kwa vifaa vya ofisi ndogo kompyuta hiyo kwa kawaida huendeshwa na Linux, mfumo endeshi kama ilivyo Windows. Kompyuta zenu za mezani, nadhani, ni za Windows. Mifumo hii miwili ina mila tofauti kuhusu nani ni mwenye kitu na nani ni jirani, na katikati yao yuko mkalimani, programu iitwayo Samba, ambayo Andrew Tridgell alianza kuiandika huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili mashine za Unix, mfumo ambao Linux inafuata mila zake, ziweze kugawana mafaili na kompyuta za kawaida. Mkalimani huyu ni hodari sana, lakini mkalimani yeyote huachwa njia panda pale anapokutana na neno lisilo na mwenzake katika lugha ya pili.

Upande wa Linux kila faili hubeba namba ya mwenyewe, namba ya kundi, na orodha fupi ya nani anaruhusiwa nini. Nasema namba kwa makusudi. Mfumo haumjui Neema wala Baraka. Unamjua 1001 na 1002, na jina ni kibandiko cha kutusaidia sisi kusoma. Ndiyo maana mfanyakazi akiondoka na akaunti yake ikafutwa, kisha mwingine akafunguliwa akaunti yenye jina lilelile, huyo wa pili anaweza kupewa namba tofauti na kushindwa kuyagusa mafaili ya mwenzake.

Orodha hiyo fupi inawagawa watu katika mafungu matatu: mwenye faili, watu wa kundi lake, na wengine wote. Kila fungu hupewa haki ya kusoma, ya kuandika na ya kutekeleza, zikiwakilishwa na 4, 2 na 1, kisha hujumlishwa. Ukimwona fundi akiandika 644, anasema mwenye faili asome na kuandika, yaani 4 na 2, kundi lisome tu, na wengine wasome tu. Akiandika 664, kundi nalo linaandika. Hiyo 777 aliyowawekea ninyi, kama nimeelewa vizuri, ni kila mtu kila kitu. Kwenye folda ile haki ya 1 huwa ni haki ya kupita, na bila hiyo hata faili lililo wazi ndani yake halifikiki. Vifaa vingi vya siku hizi huongeza juu ya mpango huu orodha ndefu zaidi, ambamo unaweza kumtaja mtu mmoja mmoja, na ambamo kwa kawaida kukataza hushinda kuruhusu. Kwa hiyo mtu aliyemo katika makundi mawili, moja limeruhusiwa na jingine limekatazwa, hubaki nje.

Jambo moja huwashangaza sana waliozoea Windows. Katika mpango huu wa Unix, haki ya kufuta faili haiko kwenye faili. Iko kwenye folda linamokaa. Mtu asiyeweza kusahihisha koma moja ndani ya ratiba anaweza kuifuta ratiba nzima, ilimradi folda imemruhusu kuandika. Likumbuke hilo, maana ndilo linalofumbua fumbo la siku zenu tatu.

Fundi alipotoa ruhusa kwa kila mtu, aliitoa kwa mafaili yaliyokuwapo saa ile. Hakuigusa kanuni inayoamua mafaili ya kesho yatazaliwa na ruhusa gani. Na hapo ndipo Excel na Word zinapoingia na tabia yao ambayo wengi hawaijui. Unapobonyeza kuhifadhi, programu hizi kwa kawaida haziandiki juu ya faili la zamani. Huandika faili jipya la muda kando yake. Likishakamilika, la zamani huondolewa na jipya hupewa jina la zamani. Hufanya hivyo kwa busara, ili umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi usipoteze yote mawili. Kwa macho yako ratiba ni ileile. Kwa diski, ratiba ya jana imekufa na nyingine imezaliwa, mwenyewe akiwa ni yule aliyehifadhi mwisho, na ruhusa zake zikiwa zile za kawaida ya kifaa, ambazo mara nyingi humruhusu mwenye faili peke yake kuandika na wengine kusoma.

Kwa maneno mengine, kazi ya fundi wenu ilikuwa inafutika faili baada ya faili, kila mtu alipohifadhi. Ratiba zinazoguswa kila siku zilijifunga kwanza. Za msimu uliopita, ambazo hakuna aliyezihifadhi tena, bado ziko wazi. Usinikubalie kwa maneno tu, nenda ukahakikishe: natarajia utakuta kwamba mafaili yanayokataa ndiyo yale mnayoyafanyia kazi zaidi, na kwamba kila moja linamkubalia mtu mmoja, aliyelihifadhi mwisho, pamoja na mhasibu. Ukikuta hivyo, tumeshaupata ugonjwa. Ukikuta vinginevyo, kwa mfano mafaili yanayokataa ni ya zamani na yote yalihamishwa siku moja, basi chanzo kinaelekea kuwa kule kuhamishwa kwenyewe: fundi aliyanakili kwa akaunti ya msimamizi, yakawa mali ya msimamizi, na ninyi mkabaki wasomaji. Pengine mna yote mawili.

Kuna njia nyingine ndogo ambayo faili hupitia likaingia na ruhusa za kigeni, nayo ni kuburuta. Ukinakili faili kutoka folda moja kwenda nyingine, nakala ni faili jipya na hufuata desturi za folda lilikofikia. Ukilihamisha ndani ya eneo lilelile la diski, hubadilisha anwani tu na huja na ruhusa zake za zamani, kama mtu aliyehama kutoka Sakina kwenda Njiro na kitambulisho chake kilekile.

Tuje kwa mhasibu. Nakisia kwamba kompyuta yake ilikuwa ya kwanza kuunganishwa, fundi akaingia kwa nywila ya msimamizi ili afanye kazi yake, akaweka alama ya kukumbuka nywila, akaondoka. Tangu siku hiyo kila anachofanya mhasibu kinafanywa na msimamizi. Kulithibitisha ni rahisi: kutoka kompyuta hiyo tengeneza faili tupu ndani ya SAFARI, kisha ingia ukurasa wa msimamizi wa diski uangalie mwenye faili hilo ameandikwa nani. Fanya hivyo kwa kila kompyuta ya ofisi, utapata orodha ya kweli ya nani anajulikana kwa jina gani. Mimi huanza na jaribio hili kabla ya kugusa ruhusa yoyote, kwa sababu nusu ya kesi za ruhusa ninazoitiwa ni kesi za utambulisho: mtu anadhani ameingia kama yeye, kumbe kompyuta inamtambulisha kwa nywila ya mtu aliyeacha kazi.

Ukitaka kurekebisha utambulisho huo, fahamu kwamba Windows haikubali kompyuta moja iingie kwenye kifaa kimoja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Ukijaribu, hutoa kosa namba 1219. Fungua sehemu ya Windows inayoitwa Credential Manager, ifute ile nywila ya diski iliyohifadhiwa, zima kompyuta uiwashe, kisha ingia upya kwa jina sahihi. Watu wengi huruka hatua ya kuzima na kuwasha, kisha wanalalamika kwamba diski haisikii.

Kompyuta mpya inaelekea kuwa na habari tofauti kabisa. Umesema wengine hawajawahi kuulizwa nywila. Hao wanaingia kama wageni. Windows 11 ya aina ya Pro, kuanzia toleo la 24H2 lililotolewa 2024, hukataa kuingia kama mgeni isipokuwa mtu ameibadilisha kwa makusudi, kwa sababu mawasiliano ya mgeni hayawezi kusainiwa na mtu anayejifanya diski yenu anaweza kujipenyeza katikati. Utapata ushauri mwingi wa jinsi ya kuzima ulinzi huo. Uache. Mpe mtumiaji wa kompyuta hiyo akaunti yake na nywila yake kwenye diski, na mara nyingi tatizo litaishia hapo. Ikiwa bado inagoma hata kwa akaunti sahihi, angalia kama diski ina masasisho ya programu yake ambayo hayajawekwa, maana vifaa vya zamani huzungumza lahaja ya zamani ya SMB, lugha ya kugawana mafaili ambayo Windows na Samba huitumia, ambayo Windows ya leo haiitaki tena.

Umeuliza kama ruhusa ya kila mtu ni salama. Hapana, na sitaki kulizunguka jibu hili. Ofisi ya utalii hukusanya nakala za pasipoti, tarehe za kuzaliwa, taarifa za mzio na maradhi ya wageni, wakati mwingine hata picha za kadi za benki ambazo hazikupaswa kutumwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde; kuziacha mahali ambapo mtu yeyote aliyeunganishwa na Wi-Fi ya ofisi, pamoja na mgeni aliyepewa nywila ya Wi-Fi akisubiri gari, anaweza kuzisoma na kuzifuta, si kuzilinda. Hatari ya pili ni virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha. Kirusi cha namna hiyo kikiingia kwenye kompyuta moja, hufunga kila kitu ambacho akaunti ya kompyuta hiyo inaruhusiwa kukiandika, na kwenye 777 hicho ni kila kitu. Kwa sababu hiyohiyo kompyuta ya mhasibu, inayotembea na mamlaka ya msimamizi, inanitia wasiwasi zaidi kuliko zile zinazokataliwa.

Wala simcheki fundi wenu. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya vilevile katika ofisi moja ya wanunuzi wa kahawa hapa Moshi: ilikuwa Ijumaa jioni, walikuwa wamechoka, nami nikaweka 777 nikaenda zangu. Mwezi haukuisha, kijana wa mafunzo akaiburuta folda ya mikataba ya msimu mzima kwa kipanya bila kujua, ikaingia ndani ya folda ya picha. Hakuna kilichopotea, lakini siku nzima tuliitafuta, na bili ya siku hiyo sikuwapelekea.

Basi mfanye nini? Kwanza kabisa nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha ichomoe uiweke kabatini. Usijitetee kwamba mna diski mbili. Ikiwa zimepangwa moja kuakisi nyingine, kama inavyofanyika mara nyingi kwa vifaa vya ukubwa huo, mna terabaiti 4 za kutumia, na faili likifutwa kwenye moja limefutwa kwenye zote papo hapo. Kioo hakitunzi sura ya jana.

Baada ya hapo chagueni jioni ambayo hakuna safari inayoondoka alfajiri, kila mtu afunge mafaili yake, na kazi ianze kwenye ukurasa wa msimamizi. Kila mmoja wa watu saba apate akaunti yake, na kuingia kama mgeni kuzimwe. Kisha undeni makundi kwa kazi wanazofanya watu. Kwa ofisi yenu naona makundi mawili yanatosha, la safari na la uhasibu, na bosi akawa katika yote mawili. Ruhusa wapeni makundi, msimpe mtu mmoja mmoja, hata kama leo inaonekana ni usumbufu. Siku mtu akiondoka mtamtoa kwenye kundi na mambo yataendelea. Folda ya SAFARI iandikwe na kundi la safari, folda ya mahesabu na kundi la uhasibu, na nakala za pasipoti zihamishiwe folda yake inayofunguliwa na wale wawili watatu wanaozihitaji kweli. Ruhusa hizo ziwekwe kwenye mageti yote mawili.

Hatua iliyorukwa na fundi wenu ndiyo inayofuata. Mafaili yaliyopo yarekebishwe mara moja, kwa kuchagua ruhusa zishuke kwenye folda ndogo na mafaili yote yaliyomo, na papo hapo folda iambiwe kwamba kila kitakachozaliwa ndani yake kirithi ruhusa zake. Vifaa vingi vina kisanduku cha kurithi, na kukiwekea alama kunatosha. Ikiwa kifaa chenu ni kompyuta ya kawaida ambayo fundi aliipandikizia Samba mwenyewe, ajue kwamba Samba ikiachwa ilivyo huunda folda mpya kwa 755, yaani kundi halina haki ya kuandika. Aibadilishe ili mafaili yazaliwe na 660 na folda na 2770, na alazimishe kundi liwe la safari. Ile 2 ya mbele ndiyo inayofanya kila kinachoundwa ndani ya folda kiwe cha kundi la folda badala ya kundi la aliyekiunda. Kuna mafundi waliofanya kazi miaka mingi bila kuijua tarakimu hiyo, nami nilikuwa mmoja wao.

Kisha mjaribu, na jaribio lenyewe lina umuhimu wake. Msijaribu kwa kufungua faili mkaridhika. Mtu wa kwanza atengeneze lahajedwali la Excel, alihifadhi na kulifunga. Wa pili alifungue, abadilishe kitu, alihifadhi, alifunge. Wa kwanza arudi alibadilishe tena. Likipita mzunguko huo mzima bila kukataliwa, kurithi kunafanya kazi. Fundi wenu alipojaribu, naamini alifungua faili akaandika neno moja, likakubali, akafunga mkoba wake.

Kuna hali moja inayofanana na hii ambayo haihusiani na ruhusa hata kidogo. Mtu akiwa amefungua ratiba kwenye kompyuta yake, Excel huwaambia wengine kwamba inatumiwa na kuwafungulia ya kusoma tu. Kando yake huwekwa faili dogo lililofichwa ambalo jina lake linaanza na alama ~$. Umeme ukikatika ghafla, faili hilo dogo linaweza kubaki na ratiba ikaonekana inatumiwa na mtu ambaye ameshakwenda nyumbani. Hakikisheni hakuna aliyeifungua, mlifute hilo dogo, mwendelee na kazi.

Na kwa kuwa umeme umetajwa: ikitokea siku, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi, diski nzima ikawa ya kusoma tu kwa watu wote pamoja na msimamizi, msiguse ruhusa. Linux ikigundua kasoro katika mpangilio wa mafaili huweza kujifungia isiandike chochote ili isizidishe madhara. Hapo zima kifaa kwa utaratibu wake na umwite mtu. Mwite pia ukiona taa ya onyo, ukikuta mahali pa jina la mwenye faili pameandikwa namba tupu kwenye mamia ya mafaili, au ukigundua kwamba hakuna anayejua nywila ya msimamizi. Msikimbilie kitufe kidogo cha nyuma kinachobonyezwa kwa pini. Katika vifaa vingine hurudisha nywila tu, na katika vingine kukishikilia kwa muda mrefu hufuta mipangilio yote. Na kifaa hicho kisifunguliwe njia ya kufikiwa moja kwa moja kutoka intaneti kupitia ruta ili bosi asome mafaili akiwa safarini. Mwaka 2022 kirusi kilichoitwa DeadBolt kilifunga mafaili ya diski za mtandao nyingi duniani zilizoachwa wazi kwa namna hiyo.

Ukimwita fundi, huyohuyo au mwingine, kaa naye mezani mpaka amalize. Mwonyeshe aya ya Excel hapo juu, naye ataelewa haraka kwa nini kazi yake ya kwanza ilidumu siku tatu. Kabla hajaondoka aandike kwenye karatasi majina ya akaunti, makundi, na folda ipi inafunguliwa na kundi lipi. Nywila ya msimamizi aibadilishe mbele ya bosi, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na itunzwe na bosi, isibaki kwenye kompyuta ya mtu yeyote, ya mhasibu ikiwa ya kwanza. Risiti ya diski itunzeni pamoja na bahasha hiyo, kwa sababu siku taa nyekundu ikiwaka kweli ndiyo mtakayokwenda nayo dukani.